Ngoma, presha na bao: kupanga siku ya mji kwenye mji mdogo wa pwani

Ukiweka meza ya kupimia presha mita kumi kutoka kwenye ngoma, umeharibu vyote viwili. Muuguzi anayetumia mashine ya kupampu kwa mkono anategemea masikio yake: anasubiri mlio wa kwanza wa damu ikirudi mkononi, kisha anasubiri mlio huo upotee. Ngoma ikilia jirani, hasikii kitu, anaandika namba ya kukisia. Mtu mwenyewe ametoka kucheza sindimba dakika tatu zilizopita, moyo bado unamwenda mbio, kipimo kinatoka juu. Ama atatishwa bure, ama ataambiwa "ni kwa sababu umecheza" na kurudi nyumbani na presha yake ya kweli bila kujua anayo. Wapiga ngoma nao wataombwa kila baada ya dakika tano wapunguze, hadi waudhike na waache.

Siku nyingi za sanaa, afya na elimu huharibika hivyo, na nia ya waandaaji inakuwa njema kabisa. Wanataka watu wapate kila kitu kwa safari moja, basi wanaviweka vyote uwanja mmoja, saa moja, chini ya spika moja. Lakini ngoma kazi yake ni kuita, na vipimo na usomaji vinataka utulivu. Ngoma ikishaita, inyamaze mpaka jioni. Kupanga saa na umbali ndiyo kazi kubwa ya mwandaaji, na isipofanyika, fedha na hamasa havisaidii.

Tuchukue mji kama Bagamoyo. Wenyewe wana bahati: Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, mwaka 2007, kwa hiyo wapigaji, wachezaji na mafundi wa ngoma hawatafutwi mbali. Pangani hakuna chuo cha aina hiyo, ila kuna wazee wanaozijua ngoma zao, kuna kituo cha afya, na kuna walimu. Vinatosha. Nitakayoyaeleza yanafaa mji wowote wa pwani wenye uwanja mmoja mzuri na watu 300 hadi 500 watakaojitokeza.

Anza na tarehe, na usiipange kwa kalenda ya ukutani peke yake. Masika, Machi hadi Mei, yaache. Juni hadi Septemba ni pazuri: kusi linavuma, jua si kali sana, njia za vumbi zinapitika. Kama mnataka ufukweni, tazameni mwezi. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, maji hujaa karibu saa 10 hadi 11 alasiri, ndiyo saa hasa mnayotaka kupiga ngoma. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Wengi huvutiwa na mwezi mpevu kwa sababu ya mwanga wake, halafu jioni wanakuta uwanja waliouona asubuhi, mpana kama wa mpira, umebaki kamba nyembamba ya mchanga na jenereta imelowa. Chagueni siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu. Alasiri maji huwa yametoka, nafasi ipo, na hayarudi kwa kishindo.

Barua ipitie ngazi zake: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Polisi wapewe taarifa kwa maandishi, na ni vizuri wiki mbili kabla, hata kama sheria inaridhika na muda mfupi zaidi. Mambo ya afya yapitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, maana wapimaji wawe watumishi wenye sifa, na watakaokutwa na tatizo wawe na kituo kinachowasubiri. Msiite kikundi cha kupima kutoka mbali kinachopima, kinapiga picha na kuondoka. Mtu akiambiwa ana sukari siku ya Jumamosi, Jumatatu awe na mlango wa kugonga.

Saa za siku yenyewe nazipendekeza hivi. Saa 12 na nusu asubuhi, vikundi vya mbio za pole, vile vinavyokimbia kwa kuimba, vinazunguka mji kilomita tatu au nne. Saa 2 mdundiko unatoka mtaa wa mbali. Hii ni ngoma ya Wazaramo, ngoma ya kutembea, na hakuna gari la matangazo linaloweza kushindana nayo: inapita mlango kwa mlango, akina mama wanatoka na kanga kiunoni, watoto wanaifuata. Ifikishe watu uwanjani saa 2 na nusu, kisha inyamaze. Hapo vipimo vinaanza, hadi saa 6. Bao na hema la kusomea vinaanza saa 3. Adhuhuri kila kitu kinasimama kwa sala na chakula, na jua la saa 7 na 8 muwaachie watu wakapumzike majumbani. Ngoma kubwa ianze baada ya sala ya alasiri, saa 10 na robo, imalizike saa 12 jioni kabla ya magharibi. Kipaza sauti kizimwe adhana inapoanza. Mji mzima unatazama kama mnajua adabu hiyo.

Mdundiko una hatari yake moja: watoto wadogo huufuata hadi wanapotea. Wekeni watu wazima wanne wenye kanga za rangi moja, wawili mbele, wawili nyuma, na wa nyuma asimwache mtoto yeyote nyuma yake. Jina la mtaa wa kila mtoto asiye na mkubwa waliulize njiani, wasisubiri alie.

Uwanjani, fuateni upepo. Sauti husafiri zaidi kule upepo unakoelekea. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, basi hema la kusomea na vipimo viwe upande wa kusini wa uwanja, spika na ngoma kaskazini, hata mazoezi madogo ya wapigaji yasisumbue. Msimu wa kaskazi mgeuze. Jenereta nayo iwe upande wa ngoma, mita 30 au zaidi, na isijazwe mafuta ikiwa ya moto.

Sasa presha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapodhurika kimyakimya.

Kipimo sahihi kinataka mtu awe amekaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimegusa chini, miguu haikupishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekwenda haja ndogo. Asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara, amekimbia wala kucheza ngoma nusu saa iliyopita, ndiyo maana mbio zinaisha mapema, na waliocheza mdundiko wasiwe wa kwanza kupimwa. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati wala mkono wa baibui, na hapo ndipo pazia na muuguzi wa kike vinapokuwa vya lazima. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba, kwa hiyo kila mashine iwe na mkanda mkubwa wa akiba. Mkono ukining'inia chini unaongeza. Maneno yanaongeza pia. Mtu anayeulizwa habari za watoto huku mashine inapanda atatoka na presha isiyo yake.

Pimeni mara mbili, kwa kupishanisha dakika moja au mbili, mchukue wastani. Ukifika 140 juu au 90 chini, mtu aelekezwe kituoni arudiwe siku nyingine, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kumwambia ana ugonjwa. Ukifika 180 au 120, apumzike apimwe tena, na kama haujashuka aende kituoni siku hiyohiyo. Kama pamoja na namba hizo anaumwa kifua, kichwa kinamgonga vibaya, haoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, hakuna kurudia tena: gari liwe tayari, na dereva ajulikane jina tangu asubuhi.

Hesabu ya muda ndiyo inayowashinda wengi. Muuguzi mmoja, pamoja na kupima mara mbili, kuandika kadi na kusema maneno mawili ya ushauri, hutumia kama dakika 6 kwa mtu. Hao ni watu 10 kwa saa, 35 kwa asubuhi ya saa tatu na nusu. Mashine tatu na wauguzi watatu ni kama watu 100. Kwa hiyo msiandike kwenye tangazo "kupima afya bure kwa wote". Gaweni namba 100, na zikiisha, waliobaki wapewe siku na saa ya kwenda kituoni, imeandikwa.

Na foleni yenyewe isipangwe kama ya benki, mtu anahama kiti baada ya kiti. Kila akisimama na kukaa tena, kile kipumziko cha dakika 5 kimevurugika. Wapangwe watu watano kwenye viti vyenye egemeo, kila kiti na kijimeza chake, na anayehama awe muuguzi na mashine yake. Akimaliza na wa kwanza, wa pili ameshapumzika dakika sita. Ni jambo dogo, na halihitaji senti moja.

Namba zisitangazwe. "Mama, yako mia na sabini!" likisemwa kwa sauti, jirani wote wamesikia, na kesho nusu ya foleni haitakuja. Namba iandikwe kwenye kadi, kadi ikunjwe, apewe mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo kipimo cha VVU kisiwekwe uwanjani kama hakuna chumba cha faragha na mshauri aliyefunzwa wa kuzungumza na mtu kabla na baada.

Sukari ina mtego wake, na wanaoujua ni wachache. Mtu amekula embe au ameshika muwa, amefuta vidole kwenye kanga, anakuja kupimwa. Tone la damu linapita juu ya sukari iliyokauka kwenye ngozi, mashine inasoma 14 (kwa mmol/L). Hana ugonjwa wowote. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni na ikauke vizuri. Spirito peke yake haiondoi utamu wa tunda, na ikiwa bado mbichi inavuruga kipimo. Tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo liguswe kwenye kitepe cha kupimia. Kidole kitobolewe pembeni, pale pasipouma sana, si katikati ya ncha. Kila mtu sindano yake, na sindano ikitoka kwenye kidole inaingia moja kwa moja kwenye boksi gumu la vyenye ncha kali. Haikai mezani hata dakika moja. Kopo la vitepe lifungwe kila baada ya kutoa kimoja, likae kivulini, maana kwa kawaida havitaki joto la zaidi ya nyuzi 30, na meza ya bati juani inalipita hilo kabla ya saa 4. Muuza juisi ya miwa, kwa heri zote, awe upande wa ngoma.

Aliyekaa muda wa saa 8 bila kula akipata 7.0 au zaidi, au aliyekula akipata 11.1 au zaidi, aende kituoni akathibitishwe. Aliye chini ya 3.9 apewe soda au chai ya sukari hapohapo, apimwe tena baada ya dakika 15, na asiondoke peke yake.

Ndoo ya lita 20 yenye koki inaosha watu kama 80 tu, kila mmoja akitumia robo lita. Kwa watu 400 wanaokula na kupimwa, wekeni ndoo tatu na kijana wa kuzijaza. Bila huyo kijana, saa 4 ndoo zote ni tupu na hakuna anayejua ni kazi ya nani. Vyoo viwe angalau matundu 8 kwa idadi hiyo, na ya wanawake yawe mengi kuliko ya wanaume.

Bao ni elimu, na wanaoliona kama la vijiweni tu wananisikitisha. Mtoto anayejua kutazama mashimo 32 na kuona kete zake zitaishia wapi amefanya hesabu ngumu kuliko ya daftarini. Ila mashindano yake yanataka mahesabu pia. Tenga dakika 40 kwa mchezo kati ya wanaolijua. Wachezaji 16 kwa mtoano ni michezo 15. Ukiwa na mbao nne, duru ya kwanza inachukua zamu mbili, na zilizobaki zamu moja moja: zamu tano, saa tatu na dakika 20. Ukianza saa 3 asubuhi fainali inaisha saa 6 na dakika 20, adhuhuri ikiingia. Ukiwakubali wachezaji 32 kwa huruma, zamu zinakuwa tisa, saa sita nzima, na ukiongeza mapumziko ya adhuhuri, fainali itachezwa jioni huku ngoma zimewazunguka. Kataeni mapema, kwa upole.

Kete ni 64 kwa kila ubao, na komwe, zile mbegu ngumu, ndizo nzuri: hazipeperuki, hazivunjiki, zina uzito mkononi. Leteni 70, maana mchanga unameza. Mkao wa kuanza uandikwe na ubandikwe mahali: kila mchezaji kete 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia kwa nyumba, 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Kabla ya mchezo wa kwanza, wazee wawili wanaoheshimiwa wakubaliane hadharani juu ya yale yanayoleta ugomvi, hasa takasia, yaani kumfungia mpinzani shimo asilicheze, na ni lini nyumba hulala au husafiri, kwa sababu kila mtaa una namna yake na kila mtu anaamini ya kwao ndiyo ya asili. Kwa watoto wekeni mbao mbili za bao la kujifunza, kando, na kijana mmoja wa kuwasimamia.

Hema la kusomea halihitaji hotuba ya mgeni rasmi. Linahitaji mkeka, kivuli, na msomaji mmoja kwa watoto 12 hadi 15. Wakizidi hapo, wa nyuma hawaoni picha, wanaanza kusukumana. Msomaji akae chini kama wao, kitabu kikitazama watoto, na hii ina maana awe amekisoma nyumbani mara mbili tatu, kwa kuwa atakuwa anakisoma kwa pembeni. Aanze na "Hadithi, hadithi!" na asubiri "Hadithi njoo" irudi kwa nguvu. Dakika 10 hadi 12 za kusoma zinatosha, kisha watoto washike vitabu wenyewe, kitabu kimoja kwa wawili, wasomeane. Kusi linafunua kurasa kabla ya wakati. Vibanio vya nguo, viwili kwa kila kitabu, vinamaliza tatizo. Vitabu viwe vya Kiswahili, herufi kubwa, sentensi chache kwa ukurasa. Wanaojitolea mara nyingi huleta vile vilivyobaki ofisini, na mtoto wa darasa la pili hana la kufanya na ripoti ya kilimo.

Jioni, ngoma. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, na ngoma iliyolala nje usiku hutoa sauti ya gunia. Lazima ipashwe moto, na kazi hiyo ianze saa 9, si wakati hadhira imeshakaa. Moto wa makuti makavu huwaka haraka na kuzimika haraka. Makumbi ya nazi huhifadhi joto. Fundi anatumia yote mawili. Weka kiganja pale ngozi itakapokaa: kama huwezi kukivumilia hadi uhesabu kumi, umesogea mno. Ngoma izungushwe pole pole, isiachwe ikitazama moto upande mmoja, maana ngozi itakaza kombo, au gogo litapasuka na hakuna gundi inayolirudisha. Fundi hugonga kwa ncha za vidole katikati, kisha ukingoni, anasikiliza. Mwanzo zote mbili ni nzito na hazitofautiani. Baada ya muda ukingo unaanza kulia mwembamba na mkali huku katikati kukibaki na kishindo, na hapo huitoa mara moja. Za vigingi hukazwa tena kwa kugonga vigingi, kidogo kidogo, kwa kuzunguka na si kwa kumaliza kimoja kwanza. Moto mdogo uachwe hai hadi mwisho, kwani baada ya nusu saa ya kupigwa karibu na maji zitalegea tena, na hapo ndipo zamu ya kikundi kingine au ya kwaya inapoingia.

Spika ziwe mbele ya vipaza sauti, zikitazama watu. Zikikaa nyuma ya mwimbaji zitapiga mluzi jioni nzima. Ngoma zenyewe kwa watu 400 hazihitaji kipaza sauti hata kimoja. Msiziwekee.

Waulizeni wazee kipi kinachezwa hadharani. Nyimbo za unyago zina mahali pake na watu wake, na jukwaa si mahali pake, hata mgeni akizipenda namna gani. Zipo nyingine tele: mdundiko, sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na majembe yake.

Na walipeni. Kikundi cha watu 15 kimeacha shughuli zake siku nzima. Makubaliano yaandikwe kabla: watu wangapi, dakika ngapi, nauli, chakula, malipo, na nani anaruhusiwa kupiga picha na kuzitumia wapi. Malipo yatolewe siku ileile, yote, kabla hawajapanda gari. "Njooni ofisini Jumatano" imevunja vikundi vizuri kuliko ukata wenyewe, na fundi aliyedhulumiwa mara mbili hafundishi mtoto wake kuwamba ngoma.

Usiku, kete zihesabiwe hadi 64 kwa kila ubao, ngoma zifunikwe kanga kavu na kulazwa ndani. Boksi la sindano liondoke na muuguzi, lisibaki kwenye stoo ya mwandaaji. Orodha ya walioelekezwa kituoni, nakala moja tu, akabidhiwe mganga mfawidhi kwa mkono asubuhi ya Jumatatu, na baada ya wiki mbili mtu mmoja arudi kumuuliza ni wangapi wamefika. Wasiofika wapigiwe simu na muuguzi aliyewapima, kwa sababu sauti yake wanaijua.